Pimeni Gari Kwanza

Mtoto wangu wa kwanza ana tabia ambayo hakuitoa kwangu wala kwa baba yake: akishaamua jambo, anashusha sauti. Watu wengine hupandisha. Kwa hivyo siku ile alipoingia nyumbani kwetu Uthiru, akaning'iniza koti lililolowa, akaketi na kusema polepole kama mtu aliyekuja matanga, "Baba, tuongee kidogo juu ya gari," nilijua wameshaongea tayari, yeye na dada yake, na sisi tulikuwa tunaletewa habari tu.

Mzee wangu akazima redio. "Ongea."

Gari lenyewe lilikuwa nje, bampa limekunjamana kama mdomo wa mtu aliyenuna. Lilikunjamana asubuhi ya jana yake, na lazima niseme ilivyokuwa kabla sijaendelea, kwa sababu kila mtu alikuwa na maoni na hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo. Mimi nilikuwemo.

Tulikuwa tumeenda kupeleka maziwa Kinoo. Tuna ng'ombe, si wengi, na tuna wateja wanaokunywa maziwa yetu tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na lami ya ile barabara ya pembeni ilikuwa inang'aa. Mtu wa mkokoteni akakata barabara mbele yetu bila kutazama, amejifunika gunia kichwani. Mzee akakanyaga breki. Sasa, mimi nimeketi kando ya mwanamume huyu tangu akiwa dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi huko mjini, duka la familia moja ya Kihindi iliyomwamini na mabati na saruji hadi Nakuru na kurudi, na najua anavyosimamisha gari. Unaweza kushika kikombe cha chai. Siku hiyo gari liliteleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Akageuza usukani. Magurudumu yakageuka, gari halikugeuka. Mwishowe likashika kidogo, tukamkosa mtu wa mkokoteni kwa nukta tu, tukaacha lami, tukaingia kwenye kitanda.

Ndiyo, kitanda. Maseremala wa pale huanika vitanda na makochi kando ya barabara, na siku ya mvua huvifunika kwa nailoni. Tulikipata kimoja ubavuni. Mwenyewe akatoka kibandani, akatutazama kupitia kioo.

"Mzee," akasema, "hata viatu hujavua?"

"Mwache," mwenzake akamjibu, "si unaona amekuja na mama?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na maziwa yaliyobaki mapajani, yamemwagika yote mpaka ndani ya viatu, na hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Kile kitanda tulikichukua, maana kilikuwa kimeshakuwa chetu. Kiko chumba cha wageni mpaka leo, ubao wa kichwani umepasuka.

Basi hayo ndiyo mwanangu alikuwa amekuja kuyazungumza.

"Baba, hakuna mtu anasema wewe si dereva," akasema. "Tunasema miaka imesonga. Macho daktari alisema yako sawa. Ni mguu. Mguu unachelewa."

"Mguu upi?"

"Wa breki."

"Umeupima?"

"Si lazima upimwe, Baba. Umeingia kwa kitanda ya mtu."

"Gari iliteleza. Breki haikushika vile inafaa."

"Hiyo gari iko na ABS."

ABS, kama hujui, na mimi nilikuwa sijui, ni kitu kinachozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa ghafla. Gurudumu likitaka kuganda, kitu hicho kinaliachilia kidogo na kulishika tena, upesi upesi kuliko mguu wa mtu, ili gari lisimame huku likiendelea kusikia usukani. Mwanangu alitueleza haya yote kwa sauti ile ya chini, kama anasoma wosia.

"Na ikiharibika," akaendelea, "taa yake inawaka kwa dashibodi. Mami, umewahi kuiona imewaka?"

"Mimi huwa natazama barabara," nikamwambia, "kwa sababu kuna watu wa mikokoteni."

"Haijawaka. Kwa hivyo gari ni nzima. Sasa ni nini imebaki?"

Kilichobaki kilikuwa kimeketi pale na kofia yake ya sufu, kimekunja mikono.

Mzee akasema, "Pimeni gari kwanza. Mkipata ni nzima, ufunguo chukueni, sitasema neno. Mkipata ni mbovu, habari ya mguu wangu iishe. Isiongelewe tena kwa hii nyumba."

"Sawa," mwanangu akasema. Akanyoosha mkono akachukua ufunguo juu ya meza, akautia mfukoni. "Nitaushika mpaka hapo."

Niliona mzee anautazama ule mfuko. Mwanamume aliyeendesha maisha yake yote, ukimnyang'anya usukani unamwachia nini? Unamwachia redio. Unamwachia kiti langoni, awaulize wapita njia wanaenda wapi. Tuna majirani wa namna hiyo, na wake zao huja kwangu kupumzika.

Fundi wa kwanza mwanangu alimchagua mwenyewe. Ni fundi wake wa siku nyingi, yuko katikati ya mji, kwenye ile barabara ya spea ambako ukisimama, kabla hujazima injini kuna mtu ameshafungua boneti. Majina ya mafundi wote waliotushughulikia siku hizo ninayo kichwani, na ya vijiji vyao pia kwa wale waliojitambulisha vizuri. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nikisikia kitu nakihifadhi, sina pengine pa kukiweka. Lakini jina la mtu halianikwi kama nguo, nayaacha hapo.

Mimi nilipelekwa kwa lazima. "Wewe ndiwe shahidi," mzee aliniambia, na shahidi akakaa kiti cha nyuma na magoti yake yanayouma, katika msongamano wa kuingia mjini, akisikiliza watu wawili wasioongeleshana.

Fundi yule hakuchukua muda. Aliingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

"Taa ya ABS ile pale. Imewaka, sindiyo? Sasa ona nikipiga stata." Injini ikanguruma, taa ikazima. "Imezima. Hiyo ni kazi safi. ABS iko fiti."

"Lakini iliteleza," mzee akasema.

"Mzee, ni mvua."

"Nimeendesha kwa mvua kabla wewe uzaliwe."

"Na hiyo ndiyo shida sasa, guka!"

Kusikia mzee anaitwa babu, wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha yai lake la kuchemsha. Halafu, nisikize vizuri, akamkalisha mume wangu juu ya rundo la matairi makuukuu, akamwambia aukanyage mkono wake. Mbele ya wapita njia. Mzee akavua kiatu, akaweka mguu kwenye kiganja cha mtu anayeweza kuwa mjukuu wake, akasukuma.

"Nguvu iko," fundi akasema, kama mtu anayepima betri, "lakini ni ya kubembeleza."

Mwanangu hakucheka, hilo nitamsifu. Lakini hakumzuia pia.

Fundi wa pili ni wa hapa kwetu Uthiru, yule anayefanyia kazi ndani ya kontena, fundi wa waya za magari. Mzee ndiye aliyemtaka, kwa kuwa ana mashine. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikaandika kwamba hakuna kosa.

"Hiyo inasoma breki?" mzee akauliza.

"Inasoma gari."

"Nimeuliza breki."

"Mzee, hii inasoma gari yote, kutoka hapa mpaka huko nyuma."

Baadaye tulikuja kuambiwa kwamba vimashine kama hivyo husoma injini peke yake, breki hazivihusu. Lakini siku hiyo kilituhukumu. Na kwa kuwa hakuna fundi anayekubali uondoke mikono mitupu, tulibadilishiwa padi za breki ambazo hazikuwa zimeisha, tukabadilishiwa mafuta ya breki, tukaambiwa tufikirie matairi. Kila fundi ana ugonjwa aliouzoea, na gari likifika kwake ni lazima liugue huo.

Nyumbani nako kulikuwa na shida zake. Maziwa yalibebwa na mtu wa bodaboda aliyekuja alipotaka, na wateja wa Kinoo walikuwa wananipigia simu kuuliza kama ng'ombe wamekufa. Mzee alizunguka. Alipanga upya stoo mpaka nikakosa jembe. Alisimama nyuma yangu nikipika chapati, akaniambia moto ni mwingi. Akaniambia unga ni mwingi. Akaniambia mama yake alikuwa akizikunja mara nyingine zaidi. Katika siku hizo chache niliuona uzee wangu wote unavyonisubiri, na nikaanza kuomba gari lipatikane bovu kuliko nilivyowahi kuomba kitu chochote kizima.

"Baba, wamepima wawili," mwanangu akasema kwenye simu.

"Hawajapima. Wameangalia."

"Tofauti ni gani?"

"Wewe ndiye umesoma," mzee akamwambia, akakata.

Ni binti yetu aliyetuokoa, na hakujua anatuokoa, alikuwa amechoka kupigiwa simu na pande zote. Anafanya kazi Karen, na karibu na ofisi yao kuna gereji inayotengeneza breki na mambo ya chini ya gari tu, haigusi injini. Mwanangu akasema sawa, lakini hiyo iwe ya mwisho.

Mwenye gereji ile ni Singasinga wa makamo, kilemba cha buluu, miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Gereji ilikuwa ya baba yake. Alinisalimia kwa Kikuyu kizuri kuliko cha wajukuu zangu, akaniletea kiti, na nikaanza kutulia. Sikujua bado kwamba ni mtu wa kukuudhi kwa namna yake: hajibu swali mpaka amalize anachofanya.

Kwanza aliuliza yeye. Alimuuliza mzee gari lilienda moja kwa moja au lilijipinda. Akamuuliza kama pedeli ilimtetemekea mguuni. Mzee akasema halikujipinda, na pedeli haikutetemeka. Halafu yule mtu akanigeukia.

"Mama, wewe ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani," nikamwambia, "na tangu siku hiyo nangoja mtu aniulize."

Nikamweleza. Kwamba gari lilienda kama limefungwa kamba mbele na kuvutwa, na usukani umegeuka. Kwamba sikusikia mngurumo wowote isipokuwa wangu. Na kwamba goti la mzee lilikuwa linapanda na kushuka, anakanyaga na kuachilia, anakanyaga na kuachilia, vile alivyokuwa akifanya na lori kwenye miteremko.

"Hukusema hiyo," mwanangu akaniambia.

"Uliniuliza taa."

Yule mtu akasema "mhu," akaingia ndani ya gari. Akazungusha ufunguo bila kupiga stata. Taa za dashibodi zikawaka, ya ABS ikiwemo. Akakunja mikono. Tukangoja. Tukaendelea kungoja.

"Kwani unangoja nini?" nikamuuliza.

Akapiga stata, taa zikazima. Akazima gari. Akaanza tena upya. Akarudia vile vile, mpaka nikatamani kumpiga na mkoba.

"Haya," akasema hatimaye. "ABS ni kama mtu anaamka asubuhi. Anajipapasa mikono, anajipapasa miguu, akiona yuko sawa anazima taa yake mwenyewe. Haingoji injini. Ile ya betri ndiyo hungoja injini, kwa sababu injini ndiyo inachaji. Sasa tazama hizi mbili."

Akarudia. Tukainama wote dirishani. Injini ilipowaka, taa ya betri na ya ABS zilizima pamoja, kama macho ya mtu mmoja.

"Zimefungwa pamoja," akasema.

Alifungua dashibodi, akamulika kwa tochi, akatuonyesha waya mdogo uliozungushiwa utepe mweusi. Mtu alikuwa ameikata taa ya ABS kutoka kwa kompyuta yake, akaiunganisha na ya betri, ili kila ukiwasha gari iwake na kuzima vizuri, na wewe useme ahsante Mungu. ABS ikifa, ikizikwa, taa itaendelea kukupungia mkono kila asubuhi.

"Nani alifanya hii kazi?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mshonaji wa nguo.

Mwanangu, mwenye sauti ya chini, hakuwa na sauti hata ya kushusha. Alitazama viatu vyake.

"Kuna ile wakati beringi ya mbele ilikuwa inalia," akasema. "Baba alinipatia gari nikaitengeneze mjini. Nilipotoka kwa fundi, taa ikawaka. Nikarudi. Akaniambia ni taa tu, breki inashika. Nikamwambia basi aizime, nachelewa kazi."

"Ukamwambia aizime," mzee akasema.

"Nilidhani ni taa tu, Baba."

Na fundi huyo huyo ndiye aliyemkalisha mume wangu kwenye matairi na kumpima mguu kwa kiganja! Alituonyesha taa aliyoifunga kwa mkono wake kama ushahidi. Labda alikuwa amesahau, magari ni mengi. Katika mji huu taa ya gari ikiwaka watu hawatafuti kilichoiwasha, wanatafuta mtu wa kuizima. Nimepanda magari ambayo dashibodi yake imebandikwa plasta kama kidonda.

Nilitazama mzee atafanya nini. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba ya baba, na mzee anapotaka kumkaripia kijana huyu huwa ni kama anamkaripia marehemu baba yake. Hajawahi kuliweza jambo hilo. Alimgeukia mwenye gereji, akamwambia, "Endelea kupima."

Mimi sina kizuizi hicho. Jina hilo ni la baba mkwe wangu, na baba mkwe wangu na mimi tuliambiana mengi alipokuwa hai. Nilimpeleka mwanangu nyuma ya gari, nikamwambia nilichokuwa nacho, na nilikuwa nacho kingi, nikaanza na maziwa ndani ya viatu vyangu.

Waya ule uliporudishwa mahali pake, taa ya ABS iliwaka ikakataa kuzima. Mwenye gereji akaleta mashine yake, kubwa kidogo kuliko ile ya kontena, akamkalisha mzee mbele na kumpa aishike, wakazunguka uwanja polepole huku mzee akisoma kwa sauti. Gurudumu moja moja lilikuwa na namba yake ya mwendo. Zote zilipanda pamoja, isipokuwa ya mbele kushoto. Hiyo ilikaa sufuri.

"Hilo gurudumu linatembea," mwenye gereji akatueleza, "lakini kompyuta inaambiwa limesimama. Kompyuta ikipata habari za kuchanganya namna hii inajitoa, inaacha kazi ya ABS kwa magurudumu yote. Mnabaki na breki za kawaida, kama za lori la zamani."

"Basi ni sensa," mwanangu akasema upesi. Alikuwa anataka kujikomboa. "Nitanunua sensa leo."

"Usinunue kitu. Utanunua sensa, taa itawaka, utanunua kompyuta, taa itawaka, utauza gari."

Akapima waya, ulikuwa mzima. Akapima sensa, nzima. Akavua gurudumu, akafungua kitovu chake, akatoa kikadi kidogo cha kijani mfukoni. Kwanza akakiweka juu ya beringi mpya aliyoitoa dukani mwake. Mistari myeusi ikajitokeza kwenye kikadi, imepangika kama meno ya kichana. Beringi hizi, akasema, zina sumaku upande mmoja, na sensa huhesabu hiyo mistari ikipita. Kisha akakiweka kwenye beringi yetu, upande unaotazama sensa. Kikadi kikakaa kijani kitupu. Akaigeuza upande wa pili, mistari ile pale.

"Imeingizwa kinyume," akasema. "Inazunguka vizuri, hailii, lakini sensa inatazama mgongo."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Kitu kimewekwa mgongo mbele, na badala ya kukigeuza, wakaifumba taa mdomo, na watu wazima wakaja nyumbani kwangu kuhesabu miaka ya mume wangu.

Beringi mpya ilipoingizwa, taa iliwaka, ikajipapasa, ikazima kabla ya injini. Mzee akanyoosha mkono, kiganja juu. Mwanangu akachukua ufunguo kwa mwenye gereji, akauweka pale. Nilidhani tumemaliza. Nilishaanza kutafuta mwavuli wangu.

"Bado," mwenye gereji akasema. "Mzee aijaribu mwenyewe."

Nyuma ya gereji kuna mteremko mdogo wa saruji ambapo huosha magari, na unateleza kwa sabuni na matope. Akaweka mtungi wa plastiki chini kabisa, karibu na ua wa kayaba, ile miti ya miiba. Akamwambia mzee ashuke kwa kasi, na akifika penye maji akanyage kwa nguvu zote.

Mzee akashuka. Akakanyaga. Gari likanguruma chini, grrr, na nikaona bega lake linaruka kama aliyeng'atwa. Akainua mguu. Akakanyaga tena, akainua, akakanyaga. Mtungi ulipaa mpaka kwenye miiba.

"Mnaona?" mwanangu akasema, kwa sauti ile ile.

"Wewe nyamaza," nikamwambia, lakini moyo wangu ulishuka. Maana nilikuwa nimeona, na mzee alikuwa ameona kwamba tumeona. Alishuka akisema pedeli imeharibika, inatetemeka.

"Haijaharibika, mzee, hiyo ndiyo inafanya kazi," mwenye gereji akamwambia. "Sikiliza. Siku ya kitanda mguu wako ulifanya sawa kabisa. ABS haikuwa, na kupigapiga ndiyo njia. Ungekanyaga ukakaa, ungemgonga yule wa mkokoteni. Leo ABS iko. Ukiinua mguu, unainyang'anya kazi. Kanyaga, kaa. Inaweza kunguruma, inaweza kukutikisa mpaka kiuno. Wewe kaa."

"Nimepigapiga breki maisha yangu yote."

"Najua."

"Huo mguu haungoji niuambie."

"Najua, mzee. Lakini mama anakaa kando yako."

Akapanda tena. Akainua tena. Mtungi ukaenda tena. Mara hii hakushuka, alikaa tu ameshika usukani, na kupitia kioo niliona uso ambao sijauona tangu siku alipostaafu. Gari lilikuwa limemtetea, na sasa mguu wake mwenyewe ulikuwa unamsaliti. Kumbe mwanangu alikuwa na haki, ila kwa sababu nyingine.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na magari, na mafundi, na watu wa kunong'ona. Nikafungua mlango, nikaingia, nikaweka mkono wangu juu ya goti lake la kulia.

"Unafanya nini?"

"Nashika breki. Twende."

"Watu wanatutazama."

"Walikutazama ukiwa umevua kiatu mjini. Twende!"

Tukashuka. Alipokanyaga, ule mngurumo ulitupanda mpaka kwenye meno, na nikasikia goti linataka kuinuka chini ya kiganja changu kama kuku anayetaka kuruka. Nikalilalia kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Gari likasimama, mtungi uko mbele yetu, umesimama wima.

"Sasa nani amesimamisha?" mwanangu akauliza kutoka nje.

Swali lilikuwa la haki, nilichukia tu kwamba ni yeye aliyeliuliza. Mzee akaurudisha mkono wangu kwenye mapaja yangu, taratibu, akapanda na gari mpaka juu. Akashuka kwa kasi kuliko mara zote, mpaka nikashika dashibodi na kumwita Mungu. Akakanyaga. Likanguruma. Nilitazama goti lake tu, sikutazama mbele hata kidogo. Lilitetemeka, lakini lilikaa. Tukasimama mbali na mtungi, mbali kiasi cha kuegesha gari jingine katikati.

Mwanangu alitazama ule mtungi, halafu akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akafunga mkanda.

Mwenye gereji akagonga kioo. "Basi, mzee. Toa mguu."

"Umesema nikae."

"Imesimama. Sasa unaweza kutoa."

"Una uhakika?"

"Toa mguu!" nikamwambia. "Tumesimama, injini imezima, hata kuku wanapita!"

Akatoa. Tukarudi nyumbani kwa njia ya Dagoretti, yeye kwenye usukani, na barabara ile imejaa matuta. Kila tuta alilokutana nalo alilikanyagia breki kwa nguvu zote na kukaa, lami kavu, hakuna mtu, hakuna mkokoteni. Vichwa vyetu vilikwenda mbele na kurudi. Nyuma, mwanangu akasema polepole, "Baba, hata hivyo si lazima kila tuta."

"Nafundisha mguu," mzee akasema.

Tulipofika Uthiru shingo yangu haikuwa inageuka. Nikamwambia akilikanyaga hivyo tena hata mara moja, ufunguo nitamnyang'anya mimi. Akacheka, na kwenye tuta la mwisho kabla ya lango letu, akakanyaga.